Gari la Kumvuta Rani

Seifu alikuwa mtu wa kuchagua. Hata nyanya za Kariakoo alizibonyeza mpaka muuzaji amtukane. Jumapili hiyo alikuwa Gerezani akichagua pikapu ya kukodi ya kuvuta tela la farasi, na mkewe Mboni nyuma yake akiangalia jua.

Farasi ni Rani, jike jeupe la Bwana Kantilal wa Upanga. Seifu amemtunza miaka kumi na miwili. Sasa Kantilal anahama nchi.

"Seifu bhai," alimwambia asubuhi hiyo, "mfikishe kwa mapadri Morogoro, ataishi. Ukishindwa, kesho alfajiri daktari wa mifugo anakuja na bunduki."

Na Jumapili, kwa amri ya kubana petroli, ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayatembei mpaka Jumatatu asubuhi.

Pikapu zilikuwa mbili. "Chukua hii Pijo yangu, mzee," alisema fundi Filbert. "Imeshavuta tela."

"Hii? Rani akipiga chafya inapinduka!"

Akaihamia Landrova ya Shomari. Akapiga tairi teke, akalala chini kukagua springi, akataka injini iungurume, izimwe, iungurume tena.

"Baba Siti, unakodi gari au unaposa?" Mboni alimuuliza.

Saa nne ndipo aliporidhika na Landrova.

Upanga, Rani aliingia kwenye tela bila ubishi, maskini, kama anapelekwa matembezi. Shomari akarudisha gari nyuma. Hapo ndipo walipoona. Tela lilitaka kukaa juu ya gololi ya chuma nyuma ya gari. Landrova ilikuwa na tundu la pini tu. Seifu alikagua kila kitu isipokuwa pale gari linaposhikana na tela.

Mboni alikimbia Gerezani kuifuata Pijo. Akaambiwa Filbert ameshaondoka nayo, yuko harusini Kigamboni. Wakafunga tela kwa mnyororo. Kona ya kwanza tu likagonga gari kwa nyuma, Rani akapiga ukelele.

Shomari alishuka. Saa sita kasoro robo. "Mzee, Morogoro hatufiki kabla ya saa nane. Nikikamatwa gari langu linalala polisi. Nisamehe."

Mboni alifungua mlango wa tela.

Seifu alimrudisha Rani bandani kwa miguu. Akachukua brashi, akaanzia shingoni.

"Daktari asimkute na vumbi," alisema.

Mboni akaenda kuteka maji.