Mama Alipasi

Wiki jana nilikuwa kwenye foleni ya dawa za presha katika hospitali moja hapa Machakos. Mbele yangu mzee aliyetoka Masinga na thamosi ya uji alikuwa anauliza habari za mkewe aliyelazwa.

Nesi alitazama kompyuta, kisha akashusha sauti. "Pole, mzee. Mama alipasi asubuhi."

"Alipasi!" Mzee akaweka thamosi kaunta, akapiga makofi. "Asante Mungu! Nilimwambia hizo vipimo za jana atapasi tu. Sasa mwiitu wakwa, binti yangu, nipatie viatu zake twende nyumbani."

Nesi akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Mimi niliishia darasa la saba, na kwetu kupasi ilikuwa kufaulu mtihani. Siku hizi waliosoma wanasema mtu amepasi kwa sababu wanaogopa kusema amekufa. Nilingoja yule msichana aseme. Akaendelea na karatasi zake.

"Mzee," nikamwambia, "mke wako amekufa."

Akanigeukia kana kwamba nimemtemea mate. "Wewe mama uko na mdomo mbaya! Si huyu amesema alipasi? Mwiitu, si umesema?"

Nesi akaitikia kwa kichwa, maana kweli alikuwa amesema.

Hao waliosoma wanaita hiyo adabu. Yeye alibaki msichana mwenye heshima, na kwa yule mzee, aliyemuua mkewe ni mimi.