Nafasi ya Mloka kwenye Jiwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na shahada ya historia. Mzee Kibwana, fundi mchongaji, aliitikia shikamoo yangu, akanipa brashi na ndoo ya maji. "Sabuni usitie. Inakula jiwe."

Mnara wa vita ya kwanza ya dunia, hapa Morogoro mjini, ulikuwa na majina ya maofisa tu. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi mpaka wakafa walipewa mstari mmoja, bila majina. Mradi wetu uliwaongezea jiwe lao. Kila jina lilitaka mambo mawili: liwemo kwenye daftari la jeshi, na ndugu atie sahihi.

Nikapanda Uluguru na fomu zangu. Mpagazi mmoja, Mloka, nilimpatia mjukuu, mtoto wa mwanawe wa kiume. Akatia sahihi palepale. Nikaona nimemaliza.

Siku mbili baadaye bibi mmoja alishuka mlimani, akamkuta Mzee Kibwana ameshaandika "Mloka" kwa chaki, tindo mkononi.

"Nani kawaambia mjomba wangu amekufa?"

"Mjukuu wake, bibi. Ametia sahihi," nilijibu.

"Yule? Yule ni wa ukoo wa mama yake! Chuo kizima hamna Mluguru wa kukufundisha?"

Mzee Kibwana alicheka mpaka akaweka tindo chini.

Bibi akaeleza. Kwao ukoo hufuata mama. Mtu akifa, ukoo hukaa kikao, na jina lake hurithiwa na mtu wa uzao wa dada yake. Mloka hakurudi wala habari ya kifo haikuletwa, kwa hiyo jina halikupata mrithi. Aliyebaki wa kulikabidhi ni yeye, na miguu ilikuwa imeanza kumwishia.

"Mkichonga, mmetangaza msiba. Mkitangaza wenyewe hatupo, jina mmelizika."

Nilibisha. Daftari lilisema amefariki. Jiwe si matanga. Msimamizi wa mradi aliniunga mkono: "Wageni wanakuja Ijumaa. Chonga."

"Bosi, mwenye maiti hajaruhusu," alijibu Mzee Kibwana, akafuta chaki kwa kiganja.

Jiwe lilizinduliwa likiwa na pengo mahali pa Mloka.

Mkataba wangu sasa umekwisha. Sijui kama huko ni kustaafu, kwa mtu wa miaka ishirini na saba. Wadogo zangu mnaosoma historia, bado siamini kwamba jina linaweza kumngoja mtu. Nawaambia tu nilichokiona.

Ukoo ulikaa kwanza, huko mlimani. Kisha wakashuka, bibi akishikwa mkono na mtoto wa kiume wa binti yake, kijana dereva wa bodaboda wa Kihonda. Mzee Kibwana akachonga. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki: kusoma majina yote kwa sauti, nikipitisha kidole kwenye herufi. Nilishazoea orodha isiyojibu.

"Mloka," nilisoma.

"Nipo," akaitika yule dereva nyuma yangu.

Bibi akakaa chini, akaomba maji.