Muiruri Hakati Mtu Miguu

Mwaka wa 2008, ukipita Nyayo Gardens pale Nakuru, ungemwona Muiruri amesimama kando ya maua, tai shingoni, kamera kifuani, kama mtu anangoja kuapishwa. Alikuwa mpiga picha. Yeye mwenyewe alisema ni fundi, na kwa sababu hakuna mwingine alikuwa anasema hivyo, ilibidi arudie mara nyingi.

Kazi yake ilikuwa na sheria. Mteja akifika anavalishwa koti, maana Muiruri alibebanga koti moja la kijivu kwa mfuko, na hilo koti limepigwa picha kuliko mtu yeyote wa Nakuru. Halafu mteja anapelekwa kwa maua. Mkono mmoja unashika ua, mwingine unashika kiuno, kidevu juu, pumzi ndani. "Usipumue," Muiruri anasema, kisha anaanza kutafuta miwani yake. Watu walikaa bila kupumua mpaka macho yakawatoka, na ndiyo maana nusu ya Nakuru iko kwa albamu ikikuangalia kama imeona nyoka.

Lakini sheria kubwa ilikuwa ya miguu. Mtu lazima atoke mzima, kutoka nywele mpaka viatu. Wateja wenyewe ndio walitaka hivyo. Mtu amenunua viatu mpya, amekuja apigwe picha ya kupelekea nyanya yake kule Molo, halafu wewe unamkatia kwa magoti? Hiyo picha hachukui, anakuachia hapo na matusi juu yake. Basi Muiruri akajivunia hiyo miguu kuliko watoto wake. "Mimi tangu nianze sijakata mtu kichwa, sijakata mtu miguu." Alisema hivyo kwa harusi, alisema kwa matanga, alimwambia hata daktari wa meno akiwa ameachamishwa mdomo.

Shida ni kwamba wateja walikuwa wanaisha. Baada ya ile vita ya uchaguzi, wengi waliokuwa wakija kushika maua walihama, na waliobaki hawakuwa na haraka ya kuvaa koti la mtu. Vijana nao walianza kujipiga na simu, wakijikata vichwa wenyewe bure. Bibi yake, Joan, hakungoja mambo iharibike zaidi. Ndugu yake, Karanja, alikuwa msimamizi kwa shamba la maua huko Naivasha, ambako nafasi zilikuwa tele tangu watu fulani wafukuzwe, na hakuna mtu alikuwa anauliza sana walienda wapi. Karanja akamwekea shemeji yake nafasi ya kupakia waridi.

"Jumatatu ya kwanza ya Septemba," Joan akamwambia. "Kama hujapata kazi ya kueleweka hapo kwa garden, unaenda Naivasha."

"Mimi ni fundi, Mama Wangeci. Fundi hafungi maua."

"Si umeshinda na maua miaka yote? Ni kuyafunga tu imebaki."

Basi huyo Mungu anayeangalia mafundi akamtumia Sapna. Sapna alikuwa na duka la vitambaa mjini, na mbwa mmoja mweusi na mweupe anayeitwa Laddu, ambaye alikuwa anakula vizuri kuliko wapangaji wengi wa Kaptembwo. Yeye na wenzake walikuwa na chama cha mbwa. Usifikirie mbwa za kulinda boma. Hizi ni mbwa za michezo. Zinafundishwa kuruka miti iliyolazwa juu ya vigingi, kuingia kwa bomba na kutokea upande ule mwingine, kupanda ubao unaobembea, na wenye mbwa wanakimbia kando wakizionyesha njia kwa kidole. Mbwa ikimaliza bila kuangusha kitu, inapigiwa makofi na kupewa soseji. Nchi imetoka kuchomeka, watu bado wanalala kwa tenti, lakini mbwa nazo lazima zicheze. Zimefungiwa nyumbani tangu Krismasi, maskini, na zimenona.

Mpiga picha wao alitoka Nairobi, na alikuwa bado anaogopa barabara ya huku. Kwa hivyo Sapna akaja garden.

"Wewe unaweza piga picha ya mbwa?"

"Madam, mimi hupiga hata maiti, na inatoka imetulia."

"Yangu haitulii. Inaruka."

"Itatulia," Muiruri akasema. "Kila mtu hutulia kwangu."

Sapna akamwambia kuna shoo Jumapili huko Njoro, kwa shamba la Mzee Kosgei. Akifanya vizuri, atakuwa mpiga picha wa chama, shoo zote, Nakuru mpaka Nairobi. Siku hiyo Muiruri alienda nyumbani akitembea kama mjumbe amerudishwa bungeni.

"Naivasha mwambie Karanja apatie mtu mwingine," akamwambia Joan.

"Nitamwambia nikiona."

Jumapili akaenda Njoro na tai yake, na filamu za kutosha, na lile koti la kijivu pia, kwa sababu huwezi kujua. Wenye mbwa walikuwa wengi. Kulikuwa na Balbir wa hardware, mtu mnene wa kilemba, na mbwa yake ya rangi ya chai. Kulikuwa na mwalimu wa chuo na mbwa mfupi kama stuli. Mzee Kosgei alikuwa na lijibwa la kuchunga ng'ombe ambalo halikufundishwa chochote na lilikuwa linaruka kuliko zote.

Muiruri akasimama katikati ya uwanja akaangalia hii kitu. Mbwa inapita kama risasi. Mwenyewe anapita nyuma yake akihema. Akajiuliza: kati ya hawa wawili, mwenye atakuja kuchukua picha ni nani? Ni mtu. Mbwa haina nyanya Molo. Akainua kamera akapiga mtu.

"Boss," akamwitia Balbir, "simama hapo kidogo. Mguu mmoja mbele."

"Mimi nikisimama, mbwa naenda nyumbani," Balbir akajibu, bila kusimama.

Akamwendea Sapna. "Madam, mwambie Laddu akifika pale juu ya ule mti angoje kidogo."

"Angoje wapi?"

"Hapo hapo juu."

Balbir alicheka mpaka akakaa chini kwa nyasi. Muiruri akampiga picha hapo hapo, kwa sababu sasa ametulia, na viatu vinaonekana. Ilikuwa picha nzuri sana. Aliendelea hivyo siku nzima, na jioni akarudi nyumbani akimwambia Joan kwamba hao watu hawajawahi kupigwa vizuri namna hiyo.

Na ni kweli. Picha zilipotoka, Sapna akaja kuziona, akazipanga kwa benchi ya garden. Balbir alikuwa mzima, kilemba mpaka raba. Mwalimu wa chuo mzima, hata kamba za viatu unaweza kuhesabu. Mzee Kosgei mzima, anakuna sikio. Sapna mwenyewe mdomo wazi, kidole kimenyooka kama anafukuza mwizi. Sasa mbwa. Kwa picha moja kulikuwa na mkia. Kwa nyingine, nusu ya sikio. Kwa ile ya mwalimu kulikuwa na kitu kama moshi kwa kona, na huyo ndiye mbwa aliyeshinda.

"Laddu iko wapi?" Sapna akauliza.

Muiruri akaweka kidole. "Huyo hapo."

"Hiyo ni mkia."

"Ni yake, madam."

"Muiruri, mimi nilitaka mbwa."

"Ningeweka mbwa katikati, ningekukata kichwa. Na mbwa hiyo picha atamwonyesha nani?"

Sapna alikuwa amezoea watu. Mwanamke anaingia dukani kwake, anafunguliwa vitambaa vyote mpaka sakafu haionekani, kisha anasema atarudi na dada yake. Hakukasirika. Akamwambia kuna nafasi moja tu imebaki. Aje Jumamosi kwake Milimani. Watakuwa Laddu na yeye peke yao, mti mmoja wa kuruka. "Wewe lala chini. Piga mbwa. Kichwa yangu wacha."

Joan aliposikia akasema na yeye anaenda. Jumatatu ya Naivasha ilikuwa inafuata hiyo Jumamosi, na begi la Muiruri lilikuwa limepangwa, liko nyuma ya mlango. Hakutaka mtu arudi kumwambia hadithi. Alitaka kuona na macho yake kama ameolewa na mpiga picha ama mfunga maua.

Jumamosi Muiruri akatandika lile koti kwa nyasi, akalala na tumbo, tai imeingia chini ya kidevu. Akalenga mti, akapima vizuri. Hapo hakuna mtu angemfundisha kitu. Sapna akapiga kelele, Laddu akatoka mbio, na Sapna nyuma yake. Na wakati mbwa ilikuwa inaruka, mikono ya Muiruri ikapanda juu yenyewe, polepole, kama mtu anasalimia mkubwa. Kamera ikalia.

Wakarudia. Mikono ikapanda tena. Wakarudia tena. Laddu alikuwa anaanza kuangalia Muiruri kwa huruma.

"Umepiga nani?" Joan akauliza.

"Mbwa."

"Mbwa imepita chini ya kamera yako. Umepiga mama wa watu."

"Alikuwa anatoka nusu."

"Si ndivyo amesema atoke?"

"Mama Wangeci, huelewi hii kazi. Mkono wenyewe unakataa."

"Basi leta hiyo kitu kwa mkono haujui kukataa."

Tangu waoane Joan hakuwa amewahi kuruhusiwa kushika hiyo kamera, hata kuipanguza vumbi. Sasa Muiruri akampatia, kwa sababu Sapna alikuwa anaangalia na ni vigumu kugombana na bibi ukiwa umelala. Joan akalala pale kwa koti na rinda lake la kanisa. Aliishika kamera kama sufuria ya moto. Hakuambia mtu asipumue. Hakupanga kidevu cha mtu. Laddu akija anabonyeza, Laddu akipita anabonyeza, Laddu akienda kunusa maua anabonyeza, mpaka filamu ikaisha. Muiruri alikuwa amesimama kando, ameziba uso na mkono, lakini vidole ameviacha wazi.

Wakapeleka filamu mjini, na mchana huo huo wakakutana dukani kwa Sapna kuona. Zile za Muiruri zilikuwa kama kawaida: Sapna mzima, mara tatu. Za Joan zilikuwa balaa. Kwa moja, nyasi tupu. Kwa nyingine, kiwiko cha Sapna kikiwa kimeachwa peke yake. Moja ilikuwa anga tu, na haikueleweka ilipigwaje na mtu amelala kifudifudi.

Na moja ilikuwa Laddu. Yuko juu ya mti kabisa, miguu ya mbele ameikunja, masikio yamesimama, ulimi umetoka kando, na chini ya tumbo lake unaona uzio wa miiba ya kaiyaba mpaka mwisho wa boma. Nyuma yake kuna miguu miwili ya mwanamke na nguo mpaka kifuani. Hapo mwanamke anaisha.

Sapna akaishika muda mrefu. Mteja alikuwa anauliza bei ya pazia, akaachwa anauliza.

"Hii," akasema.

"Amekukata kichwa, madam," Muiruri akasema.

"Kichwa yangu naijua." Hakuinua macho. "Nani alipiga hii?"

Joan akaanza kupapasa kitambaa kwa kaunta. Alikuwa ameshaamua njiani kwamba wakiulizwa, atanyamaza. Kamera ni ya Muiruri, kupima mti alipima Muiruri, na kama picha imempendeza mwenyewe basi ni kazi ya nyumba yao, na begi lingetolewa nyuma ya mlango. Ilikuwa imebaki neno moja tu litoke kwa mdomo wa Muiruri, na ni neno fupi. Lakini Muiruri aliangalia pale kwa picha Sapna alikuwa anaishia, akawaza watu wa garden wakipitisha hiyo picha mkono kwa mkono, wakiuliza ni ya nani.

"Si mimi," akasema haraka, kama mtu amesingiziwa kuiba kuku. "Ni huyu. Mimi siwezi kutoa kitu kama hiyo."

Sapna akamgeukia Joan. "Jumapili ya wiki ijayo tuko Njoro tena. Utakuja?"

Joan akamwangalia bwana yake kidogo. Hakukuwa na hasira kwa hayo macho, kulikuwa na hesabu. "Nitakuja," akasema.

Jioni akampigia Karanja simu. "Eh, anakuja Jumatatu. Ndiyo, yeye." Karanja akauliza kitu. "Hapana, kamera inabaki. Iko na kazi."

Muiruri akaenda Naivasha na tai yake, na huko anawaambia wenzake kwamba bibi amebaki akimshikia biashara kidogo. Joan naye Jumapili alienda Njoro peke yake. Alirudi na nyasi kifuani na matope mpaka kwa kiwiko, akaweka kamera juu ya kabati, akapika. Hakumwambia mtu kwamba yeye ni fundi. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza.