Kumuaga Hamisa kwa Ndege

Nilidhani kilichomtenga Mwaija na binti yake kilikuwa umbali, na umbali ni jambo ambalo msomi hulimaliza kwa hesabu. Nilikosea tangu hapo.

Ilikuwa mwaka 1976. Mwaija alikuwa mjane, mkulima wa muhogo, aliyeibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe sisi maofisa wa wilaya tulipomhamishia katika kijiji cha ujamaa karibu na Mkata. Asubuhi moja mkwewe, Muhidini, alipiga simu ofisini kwangu Handeni: Hamisa, mtoto pekee wa Mwaija, alikuwa amefariki Dar es Salaam. Sikuuliza hata saa ya mazishi. Nilimjibu, "Mama atakuja kwa ndege. Adhuhuri mtakuwa naye."

Nilipomfikishia habari, Mwaija alilia, akajitanda kanga, akatoka kwenda barabarani kungoja basi la Dar es Salaam.

"Mama, basi litakuchukua mchana kutwa," nilimwambia. "Kutoka Tanga, ndege ni dakika arobaini na tano."

"Mimi nataka nimwone uso tu, mwanangu. Wakishaliinua jeneza, mwanamke sina pa kulifuata."

"Utamwona, mama."

Semboja, dereva wetu, Mshambaa, mtani wa Wazigua, aliyemfanyia Mwaija utani hata msibani, alimfungulia mlango wa Landrova. "Panda, Mzigua. Leo utatuona kama sisimizi, usije ukatutemea mate."

"Nitakutemea wewe peke yako," alisema, akapanda huku machozi yakimtoka.

Kabla ya Segera tulipishana na basi la Dar es Salaam. Aligeuka akalitazama mpaka likapotea. Mimi nilikuwa nikimweleza jinsi ndege inavyoinyoosha njia.

Uwanjani Tanga ndege haikuwepo. Adhuhuri ikaingia, ikapita. Hakunilaumu, aliuliza tu, "Zile dakika zinaanza kuhesabiwa lini, mwanangu?"

Nilikwenda tena kuiulizia ndege. Ndege ilipopatikana tuliruka pamoja, na angani ilitumia muda ule ule niliomtajia.

Tulifika kwa Muhidini alasiri haijaadhiniwa. Wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Mwaija aliketi mkekani na wanawake wenzake, kisha akaomba aonyeshwe kitanda alicholazwa mwanawe.

Aliishi miaka sita mingine, akilima muhogo wake na kuiitikia shikamoo yangu kwa upole uliozidi kuniinamisha kichwa. Nilijifariji kwamba kosa lilikuwa la ndege.

Siku tuliyomzika, Muhidini alinieleza kwamba mwanzoni mazishi ya Hamisa yalipangwa baada ya alasiri, ili mama apate muda wa kufika kwa basi. Waliposikia kutoka kwangu kuwa anakuja kwa ndege, waliyasogeza hadi adhuhuri. Na walipoambiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kwamba ndege ya Tanga haijulikani itafika lini, jeneza likainuliwa.