Alama Nne Ubavuni mwa Chombo

Zélie Chabaneix alichora waridi kwenye kauri kwa miaka kumi na tisa, katika karakana yetu hapa Limoges. Nilikaa naye benchi moja, mimi nikipaka dhahabu kwenye midomo ya vikombe, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe.

Mwaka wa mwisho wa hiyo kumi na tisa, watu wa Paris walishikwa na wazimu wa vitu vya Japani. Asubuhi moja Bwana Peyrichout, msimamizi wetu, akamwekea Zélie chombo cha maua, kirefu na cheupe, pamoja na picha ya karatasi iliyotoka huko mbali. Akamwambia aichore vilevile ilivyo, kisha akaenda zake.

Zélie aliigeuza picha mara tatu. Palikuwa na tawi lisilo na shina, ndege aliyekatwa mkia na ukingo wa karatasi, na kwingine kote kutupu. Pembeni, alama nne nyeusi zilisimama moja juu ya nyingine.

"Mwenzangu," akaniuliza, "juu ni wapi hapa?"

Nikamwambia atazame miguu ya ndege. Akasema miguu yenyewe imelishika tawi kwa chini.

Siku hiyo hakugusa brashi. Kesho yake akachora tawi na ndege, lakini ule weupe ukamshinda, akaweka waridi moja. Bwana Peyrichout akaifuta kwa kitambaa kabla haijakauka. Akaweka nyingine, ndogo zaidi. Nayo ikafutwa.

"Mama Zélie, hapo paache."

"Pana nini hapo, bwana?"

"Hapana kitu. Ndicho wanachotaka."

Akapaacha, ila zile alama nne akazinakili, maana aliambiwa vilevile. Chombo kikatoka tanurini kizuri ajabu, na Paris wakaagiza arobaini.

Hapo ndipo raha ilipomwisha Zélie. Kwa zile alama ameandika nini? Pengine ni tusi. Pengine ni sala ya miungu ya watu. Akampelekea padri ile karatasi. Padri akaitazama, akasema yeye anajua Kilatini tu, ila asali rozari, kwa tahadhari.

Msimu wa majani kupukutika, akaja mfanyabiashara wa Kijapani, Bwana Sakuma, na mkalimani wake. Alipofika kwenye meza yetu aliinama mbele ya chombo kimoja, akakodoa macho kwa muda mrefu. Zélie akasimama, jambo ambalo sisi wachoraji hatukulifanya mbele ya wageni, akauliza pameandikwa nini.

Wakasemezana wao kwa wao. Mkalimani akasema, "Anasema kila akitaka kusoma, maneno yanamkimbia. Mistari mingine imepungua. Mingine umeifanya majani ya maua."

"Basi nimeandika nini?"

"Hujaandika kitu, mama."

Zélie akakaa. Aliniambia baadaye kwamba hakujua afurahi au aone aibu. Vyombo arobaini vimekwenda majumbani mwa watu, na vyote havisemi lolote.

Bwana Sakuma aliuliza jina lake. Kisha akachukua brashi ya Zélie na kisahani kilichovunjika, akachora alama tatu taratibu. Mkalimani akasema hilo ndilo jina la Zélie, kwa kadiri ndimi zao zinavyoweza kulitamka.

Sisi hatukuruhusiwa kuandika majina yetu kwenye kazi. Chini ya kila chombo lilikaa jina la mwenye karakana, basi. Lakini tangu siku ile Zélie aliziacha zile alama nne, akawa anaweka hizi tatu. Bwana Peyrichout alipouliza, akajibiwa kwamba Wajapani wamebadilisha mtindo. Akaridhika.

Nilimuuliza kama sasa moyo umetulia.

"Sijui," akasema. "Huenda ni jina langu. Huenda ameandika kwamba mama huyu hajui kusoma. Nitajuaje?"

Alizichora miaka kumi na mmoja, mpaka macho yakamwishia. Jumapili moja nilimkuta mbele ya dirisha la duka karibu na kanisa kuu, uso ameusogeza hadi kioo kimefanya ukungu. Ndani palikuwa na kimoja kati ya vyombo vyake, chenye zile alama tatu. Akaniomba nimsomee bei. Nikamsomea. Akaguna, akanishika mkono, tukateremka mtoni.