Mchoro Uliogombanisha Baba Zetu

Enzi zetu Karatu, wenzangu mliokwenda shule mkiwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope na kurudi kula ugali kwa maziwa ya mgando, mnakumbuka: picha zilikuwa adimu, na picha ikija tuliitazama kwelikweli.

Mzungu mmoja mchoraji alikaa muda kwenye mteremko wa kwetu. Alipoondoka akaiachia shule mchoro mkubwa: mraba mwekundu chini, mstari mweusi ukikatiza katikati, na duara la njano juu pembeni. Mwalimu Boay akautundika darasani, akawaita wazazi waje kuuona.

Baba alisogea hadi pua ikakaribia kuugusa. "Huu mstari ni mpaka wa shamba langu," akasema. "Na umesogezwa."

Jirani yetu, Baba Theresia, akacheka. "Na hilo duara ni boga langu. Limewekwa juu kwa kuwa lina haki. Wewe umebanwa huko chini, huoni?"

Basi, vita. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na kamba, akapima mchoro badala ya shamba. Wazee walibishana hadi jioni kama wekundu una uzito zaidi kuliko njano. Mimi na Theresia, tuliozoea kucheza rede kila siku, tukakatazwa hata kusalimiana. "Nikikuona kwa wale wenye boga," mama alinionya, "usirudi hapa."

Mvua zilipoisha mchoraji akarudi. Wazee wakamzunguka, Mwalimu Boay akatafsiri.

"Wanauliza, mpaka halisi uko wapi?"

Mzungu akashangaa. "Mpaka? Huyo ni mama yangu. Anacheka."

Baba akautazama mraba, akautazama mstari, uso ukamlegea.

"Maskini," akanong'ona. "Mama wa watu alipatwa na nini?"

Baba Theresia akavua kofia. Jioni ile walikwenda pamoja kumpa pole, wamebeba kibuyu cha maziwa na jogoo. Mzungu alishukuru mno, ingawa nadhani hakuelewa. Kesho yake mimi na Theresia tulicheza rede hadi giza likatufanya tushindwe kuuona mpira.

Siku hizi lodge za Karatu zimejaa michoro ya namna ile. Majuzi nilimpeleka binti yangu kwenye mojawapo. Akajipiga picha mbele ya mchoro, akasema, "Kali sana," akarudi kwenye simu.

"Unaona nini hapo?" nikamuuliza.

"Rangi tu, mama."

Nikabaki nimesimama pale, nikitamani atokee mtu yeyote anibishie.