Karai la Barafu la Marehemu Elkana Baya

Wapo watu Timbwani wanaosema kwamba marehemu mume wangu, Elkana Baya, alimlaghai baba yangu kwa karai la maji ya kijani ndipo akapewa mke. Mke huyo ni mimi, na siku hiyo nilikuwapo.

Elkana alirudi Likoni mwaka 1947, baada ya misimu miwili ya kuchochea makaa katika meli ya kuwinda nyangumi, kusini kabisa mwa dunia. Akaja kuniposa. Baba yangu, Mwalimu Thoya, alikuwa mhubiri, na sharti lake lilikuwa moja: mkwe asiwe mwongo. Elkana naye alikwisha kuwaambia watu wa Mtongwe kwamba barafu hulisha samaki.

"Baridi huua, mwanangu," Baba alimwambia. "Barafu italishaje viumbe?"

"Baba, mto Sabaki ukifurika huleta udongo baharini, na samaki huufuata. Kule kuna milima ya barafu itokayo nchi kavu. Imesaga mawe njiani. Ikiyeyuka, unga wa mawe humwagika baharini ukawa mbolea. Tena maji yake hayana chumvi, ni mepesi, hukaa juu. Vimea visivyoonekana kwa macho hubaki huko juu penye jua, vikazaana mpaka bahari ikawa kijani. Kamba wadogo huvila, na nyangumi huwala kamba."

"Na wewe ukamla nyangumi," shangazi Kahaso alidakia, "ndiyo maana shingo imejaa hivyo!"

Baba hakucheka. Alitaka kuona. Jumamosi Elkana alivuka feri, akarudi na bonge la barafu ya kiwandani ndani ya gunia lenye unga wa mbao. Tulijaza karai maji ya bahari, akaliweka bonge juu taratibu, kisha wanaume wakaingia ndani kunywa chai. Shangazi akaenda jikoni. Mimi nikaachwa uani nifukuze kuku.

Walipotoka, barafu ilikuwa imeyeyuka. Elkana akampa Baba bua la jani la mpapai.

"Vuta ya juu, Baba. Sasa lishushe, uvute ya chini."

Baba akavuta, akatema. "Juu kama ya mtungini. Chini chumvi tupu!"

Ndipo shangazi akapiga kigelegele. Upande mmoja wa karai maji yalikuwa ya kijani. "Bahari ya Elkana hiyo! Mpeni mke!"

Elkana angenyamaza tu, angenipata. Badala yake aliinama, akachovya vidole, akanusa.

"Haya ni majani ya kunde, yamepondwa. Barafu hii ni maji ya bomba, Baba, haina unga wa mawe, na vimea vile havioti kwa saa mbili. Kijani siwezi kukuonyesha hapa. Ukininyima mke, ninyime, lakini hili si langu."

Baba aliliweka bua chini. "Waambie wazee wako waje kesho, baada ya ibada," akasema.

Walikuja. Niliishi naye miaka thelathini na mmoja, na hadithi ya nyangumi hakuitia chuku hata mara moja.

Sasa wajukuu wananiuliza ni nani aliyeponda yale majani. Sisemi, wala nisiulizwe tena.